Mti wa Maamuzi na Makundi ya Hatari: Mwongozo kwa Wanaofanya Kazi na Data za Afya Toronto

Mwongozo huu ni kwa wasomaji wa Kiswahili walioajiriwa katika kazi za afya Toronto na miji inayoizunguka: wauguzi, waratibu wa programu katika vituo vya afya vya jamii, wachambuzi wa data, na yeyote aliyekabidhiwa jedwali la wateja elfu kadhaa akaambiwa aonyeshe nani afikiwe kwanza. Unahusu njia moja ya takwimu, mti wa maamuzi, na unatumia kisukari kama mfano mkuu, kwa sababu ndio ugonjwa ambao data za Ontario zimeueleza vizuri na ambao jamii zetu zinaubeba kwa uzito.

Msimamo wa mwongozo ni huu. Mti wa maamuzi ni chombo kizuri sana cha kutafuta makundi na kuyajadili na watu wasio wanatakwimu. Kwa kumhukumu mtu mmoja mmoja ni chombo dhaifu. Tena hauwezi kuona jambo ambalo fomu haikuuliza, na katika jiji kama Toronto udhaifu huo wa mwisho ndio mkubwa kuliko wote.

Namna mti unavyofanya kazi

Aliyewahi kuhudumu zahanati Tanzania, Kenya au Uganda anazijua chati za kutibu watoto wagonjwa zinazotokana na mpango wa WHO na UNICEF. Mtoto ana kikohozi. Ana umri gani? Anapumua mara ngapi kwa dakika? Kwa mtoto wa miezi 2 hadi kutimiza mwaka, mara 50 au zaidi ni kupumua haraka. Kwa wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni mara 40 au zaidi. Kila jibu linampeleka mhudumu kwenye swali jingine, mpaka afike kwenye hatua ya kuchukua. Mti wa maamuzi wa kitakwimu una umbo hilohilo. Tofauti ni kwamba chati iliandikwa na wataalamu waliokubaliana, ilhali maswali ya mti, mpangilio wake na namba zake za mpaka hutafutwa na kompyuta ndani ya data uliyoipa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo kina wateja 1,000 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa, na 100 kati yao wakapata kisukari. Kompyuta inajaribu kila swali linalowezekana na kuuliza ni lipi litakalotenganisha waliougua na wasiougua vizuri zaidi. Kipimo kinachotumika sana huitwa Gini: zidisha sehemu ya waliougua kwa sehemu ya wasiougua, kisha zidisha mara mbili. Kabla ya kugawa, ni 0.1 mara 0.9 mara 2, yaani 0.18. Sasa tugawe kwa jinsia: wanaume 500 wakiwa na wagonjwa 54, wanawake 500 wakiwa na 46. Wastani wa Gini wa makundi hayo mawili unabaki karibu palepale, 0.180. Tugawe kwa umri wa miaka 45: walio juu ya hapo ni 400 na wagonjwa 72, walio chini ni 600 na wagonjwa 28. Wastani unashuka hadi 0.171. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inatosha: umri unashinda na kuwa swali la kwanza. Kundi moja sasa lina hatari ya 18%, jingine chini ya 5%.

Kisha kazi inarudiwa ndani ya kila tawi peke yake, na hapa ndipo thamani ya njia hii ilipo. Tawi la wakubwa huenda likaulizwa uzito. Tawi la vijana huenda likaulizwa kama mwanamke aliwahi kupata kisukari cha ujauzito. Kila kundi linapata swali linalolihusu. Njia za kawaida za urejeshi (regression) huipa kila sababu uzito uleule kwa watu wote, isipokuwa mchambuzi awe amebashiri mapema kwamba sababu fulani inategemea nyingine. Mti haungoji ubashiri huo.

Historia yake ni fupi na inafaa kujulikana. James Morgan na John Sonquist wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha mbinu ya aina hii mwaka 1963. Mwaka 1980 Gordon Kass wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, alitoa mbinu ya CHAID, ambayo hadi leo imo ndani ya programu ya takwimu ya SPSS na hutumiwa na maofisi mengi. Mwaka 1984 Leo Breiman, Jerome Friedman, Richard Olshen na Charles Stone walitoa kitabu cha mbinu iitwayo CART, kinachofungua kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo huko San Diego: vipimo 19 vilichukuliwa katika saa 24 za kwanza, lakini maswali matatu tu, kuhusu shinikizo la damu, umri na mwendo wa mapigo ya moyo, yalitosha kuwatenga waliokuwa katika hatari ya kufa ndani ya siku 30.

Anza na gharama ya kukosea

Kabla ya kufungua programu yoyote, kaeni na wenzako mjibu: ni kosa gani litatuumiza zaidi? Kumwita mtu asiye na hatari, au kumwacha aliye nayo?

Ontario ina mfano bora wa swali hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 daktari Ian Stiell na wenzake wa Ottawa walitaka kupunguza picha za eksirei zisizo za lazima kwa watu waliotegua kifundo cha mguu. Utafiti wa mwaka 1992 ulichunguza wagonjwa 750 na dalili 32, na mbinu ya kugawa hatua kwa hatua ikachagua chache tu, zikiwemo maumivu mfupa ukiguswa mahali maalumu, na mgonjwa kushindwa kupiga hatua nne. Watafiti hawakuutaka mti wenye usahihi mkubwa kwa jumla. Waliutaka mti usiopitwa na mfupa uliovunjika, hata kama watu wengine wangepigwa picha bure. Timu hiyo ilifanya vivyo hivyo kwa majeraha ya shingo mwaka 2001. Kati ya wagonjwa 8,924 kutoka hospitali 10 za Canada, 151 walikuwa na jeraha kubwa, na kanuni iliyotoka ikawanasa wote 151, ilhali miongoni mwa wasio na jeraha iliwaondolea picha asilimia 42.5 tu. Huo ulikuwa uamuzi wa makusudi.

Katika kisukari hali ni laini zaidi, maana kipimo cha damu ni cha bei nafuu na hakina madhara makubwa. Hata hivyo mtego mmoja unawapata wengi. Ikiwa watu 10 kati ya 100 ndio wanaougua, mti unaosema “hakuna atakayeugua” utakuwa sahihi kwa 90%, na programu itakupongeza. Usiutumie mti kutoa majibu ya ndiyo na hapana. Uambie ukuonyeshe asilimia ya hatari katika kila jani, yaani kila kundi la mwisho ambalo haligawiwi tena, kisha ninyi wenyewe, kwa kuzingatia wafanyakazi mlio nao, mwamue ni asilimia gani inastahili simu, mwaliko au ziara ya nyumbani.

Namba ya mpaka ni ya nani?

Mwaka 2011 Maria Chiu na watafiti wenzake wa ICES, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye makao katika eneo la hospitali ya Sunnybrook, Toronto, walichapisha kazi ambayo kila mchambuzi wa jamii zetu anapaswa kuijua. Walifuatilia watu wazima karibu 60,000 wa Ontario wa asili mbalimbali. Waliuliza: hatari ya kisukari anayokuwa nayo Mzungu akifikisha BMI (kipimo cha uzito kwa urefu) ya 30, ambayo ndiyo huitwa unene wa kupindukia, watu wa asili nyingine wanaifikia kwenye BMI gani? Jibu: watu wa asili ya Asia Kusini kwenye 24, Wachina kwenye 25, watu Weusi kwenye 26.

Fikiri maana yake kwa mti. Ukiukuza kwa data za jimbo zima bila kuingiza asili, mpaka wa BMI utatua pale unapowafaa walio wengi. Mama wa Kitanzania mwenye BMI ya 27 ataangukia jani la hatari ndogo. Hakuna hesabu iliyokosewa; mti umejibu kwa uaminifu swali la watu wengine. Dawa ni kuingiza asili miongoni mwa maswali, ili mti uweze kugawa kwa asili kabla ya kufika kwenye uzito, au, pale idadi inaporuhusu, kukuza mti wa jamii husika peke yake na kulinganisha.

Lakini asili ni nini? Hapa wasomaji wa Afrika Mashariki wana ujuzi ambao mchambuzi mwingine hana, na ni wajibu wao kuusema kwenye kikao. Data nyingi za utafiti wa Ontario hazina asili ya mtu, kwa kuwa kadi ya OHIP, bima ya afya ya jimbo, haiulizi. ICES huziunganisha na kumbukumbu za uhamiaji, ambazo zinaonyesha nchi ya kuzaliwa. Sasa, Iddi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, Canada ilipokea zaidi ya 7,000 kati yao, na wengine wengi wa Kenya na Tanzania wakafuata. Mtu aliyezaliwa Kampala au Mwanza kwa wazazi wa Kigujarati ataandikwa mzaliwa wa Afrika Mashariki, ingawa mpaka wake wa BMI uko karibu zaidi na 24 kuliko 26. Tena kumbukumbu za uhamiaji zinazotumiwa huko zinaanza mwaka 1985, kwa hiyo aliyefika 1972 hahesabiwi kuwa mhamiaji kabisa. Amechanganywa na waliozaliwa hapa. Na hilo neno “Weusi” lenyewe linamkusanya Mjamaika wa kizazi cha tatu, Msomali, Mkongo aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na Mkenya aliyekuja kusoma. Ukiona mti umegawa kwa “nchi ya kuzaliwa”, usikubali kundi hilo kabla ya kuuliza ni akina nani hasa waliomo.

Pale asili ilipoulizwa, picha ilibadilika. Idara ya afya ya jiji, Toronto Public Health, ilianza kukusanya taarifa za asili za wagonjwa wa UVIKO-19 mwezi Mei 2020. Kufikia katikati ya Julai ilionekana kwamba 83% ya waliothibitika walikuwa watu wasio Wazungu, ilhali ni 52% ya wakazi. Fomu isiyo na swali hilo isingeweza kukuza tawi hilo, hata kompyuta ingekuwa na nguvu kiasi gani.

Msimbo wa posta na kishawishi chake

Mwaka 2007 ICES na hospitali ya St. Michael’s walitoa atlasi ya kisukari ya Toronto kwa mitaa. Ramani zake zilionyesha viwango vya juu kaskazini-magharibi na mashariki ya jiji, mahali penye kipato kidogo, wahamiaji wengi, na ambapo ni vigumu kufika dukani au kazini kwa miguu. Katikati ya jiji, viwango vilikuwa chini. Kwa hiyo mtaa una maana, na utashawishika kuuingiza kwenye mti kwa kutumia alama tatu za kwanza za msimbo wa posta: M9V ya Rexdale, M3N ya Jane na Finch, na kadhalika.

Tahadhari. Mti wa CART huvutiwa na kigezo chenye majibu mengi, kwa sababu kinaupa namna nyingi za kugawa, na mojawapo itang’aa kwa bahati tu. Misimbo kadhaa ya posta ikishindana na swali la ndiyo na hapana, haishindani kwa haki. Tumia badala yake kitu ambacho mtaa unabeba, kama kiwango cha kipato au umbali wa huduma, au tumia miti ya aina iliyopendekezwa na Torsten Hothorn na wenzake mwaka 2006, ambayo hupima kwanza kama uhusiano upo kweli ndipo itafute mahali pa kugawa. Na jani likisomeka “anaishi Rexdale”, usiliandike kama sababu ya ugonjwa. Mti unatafuta alama za hatari. Chanzo chake haukijui.

Asiyepimwa si mzima

Kwenye data, mtu asiye na kisukari na mtu ambaye hajawahi kupimwa wanaonekana sawa. Hadi Machi 2020 mkazi mpya wa Ontario alisubiri miezi mitatu kabla ya OHIP kuanza kumhudumia, na hata baada ya hapo wapo wasio na daktari wa familia, wanaofanya kazi zamu mbili, au wasio na hati. Mti utawaweka kwenye jani la hatari ndogo. Kabla ya kukuza wa kisukari, kuza kwanza mti mwingine ambao jibu lake ni “amewahi kupimwa A1C (kipimo cha damu cha kisukari) ndani ya miaka mitatu?” Kazi hii ndogo hufaa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mara nyingi kundi ambalo halijapimwa ndilo linalopaswa kufikiwa kwanza.

Vivyo hivyo kwa nafasi zilizoachwa wazi. CART inaweza kutumia swali mbadala pale jibu linapokosekana, lakini aliyekataa kutaja kipato chake mara nyingi ana sababu. Fanya “hakujibu” kuwa jibu la kuchunguzwa kabla ya kuliziba kwa wastani.

Kupogoa na kujaribu

Mti ukiachwa ukue utatoa matawi mpaka kila mgonjwa awe na jani lake. Utakuwa umekariri wateja wako, wala hautakuwa umejifunza chochote kuhusu wateja wajao. Ukuze mrefu kisha uupogoe. Data hugawanywa mafungu 10. Mti hukuzwa kwa mafungu 9 na kujaribiwa kwenye la kumi, kwa zamu. Kati ya miti ambayo makosa yake yanakaribiana ndani ya kosa sanifu moja, chagua mfupi zaidi. Ni ushauri wa waandishi wa CART wenyewe, na kwa kazi ya jamii ni ushauri sahihi, kwani mti wa majani sita utaelezwa kwenye kikao na kukumbukwa.

Angalia pia ukubwa wa majani. Jani la watu 40 wenye wagonjwa 12 lina hatari ya 30%, lakini kiwango cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya 18% na 45%. Ripoti inayotaja 30% bila kutaja upana huo inampotosha meneja. Kisha chukua sampuli za kurudia kutoka kwenye data ileile, mara 200 kwa mfano, na ukuze mti kila mara. Ikiwa swali la kwanza linabadilika kila wakati, makundi yako hayajasimama. Jaribio la mwisho ni data za mwaka mwingine au kituo kingine. Kanuni ya kifundo cha mguu iliaminiwa baada ya kujaribiwa katika nchi nyingi. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2003 ulikusanya tafiti 27.

Kuhusu programu: kwenye R, rpart na partykit zinatosha kwa kazi hii yote. Kwenye Python, scikit-learn husoma kila kigezo kama namba. Ukiandika Kenya 1, Kongo 2, Somalia 3, itaamini kwamba Kongo iko katikati ya Kenya na Somalia na itagawa hivyo. Tengeneza safu ya ndiyo na hapana kwa kila jibu. Ukitumia uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa Statistics Canada, usisahau uzito wa sampuli.

Pale mti usipofaa

Swali likiwa ni kutabiri kwa usahihi hatari ya mgonjwa mmoja, usitumie mti mmoja. Peter Austin wa ICES alilinganisha njia mbalimbali mwaka 2007 kwa vifo vya mshtuko wa moyo Ontario, na urejeshi wa logistiki ukaushinda mti. Misitu ya nasibu ya Breiman ya mwaka 2001, yenye mamia ya miti, hutabiri vizuri zaidi lakini hupoteza kile tulichokitaka: makundi yanayosomeka. Kwa utabiri wa mgonjwa mmoja mmoja, hospitali ya St. Michael’s ilianza mwaka 2020 kutumia CHARTwatch, mfumo unaowaonya madaktari wa wodi kwamba hali ya mgonjwa inaelekea kuwa mbaya. Ndani yake kuna njia iitwayo MARS, iliyobuniwa na Friedman yuleyule wa CART. Utafiti uliotoka mwaka 2024 katika jarida la chama cha madaktari cha Canada ulionyesha vifo visivyotarajiwa vikipungua kwa 26% ukilinganisha na kabla. Kituo cha jamii hakihitaji chombo cha namna hiyo ili kuamua wapi pa kupeleka mashine ya kupimia damu Jumamosi.

Sheria, jamii na lugha ya ripoti

Sheria ya faragha ya taarifa za afya ya Ontario, PHIPA ya mwaka 2004, inakufunga hata ukiwa mfanyakazi wa muda. Jani dogo linaweza kumtambulisha mtu: “mwanamke wa Burundi, miaka 60 na zaidi, M1B” huenda akawa mmoja tu. ICES huficha hesabu zisizozidi 5, na kituo chako kifanye vivyo hivyo.

Kwa data za watu Weusi upo mwongozo wa EGAP wa mwaka 2021, uliotolewa na kikundi kazi cha usawa wa afya ya Weusi Ontario, unaodai jamii ishirikishwe, iwe na sauti katika usimamizi, izifikie data zake na ilindwe. Uusome kabla ya kuomba data. Vituo kama TAIBU kule Malvern, Scarborough, ndivyo mahali pa kuupeleka mti ukiwa bado rasimu. Watu watakuambia kwamba tawi la “hafanyi mazoezi” ni la wasaidizi wa wagonjwa wanaosimama saa 12 kwenye nyumba za wazee na kurudi na basi usiku, na utajua swali lilikuwa limeulizwa vibaya.

Katika ripoti, andika kundi kwa mazingira na haki yake, si kwa lawama. “Watu wazima wa Afrika Mashariki wenye BMI ya 26 na zaidi ambao hawajapimwa kwa miaka mitatu” ni maelezo ambayo meneja anaweza kuyafanyia kazi kesho. “Wahamiaji wasiojali afya” si matokeo ya mti wowote. Usimpigie mteja simu kumwambia kompyuta imesema ataugua. Mwambie ana haki ya kipimo cha bure na umpe siku ya kuja.

Mwisho, kama fomu ya kituo chako bado haiulizi asili ya mtu, kando na nchi aliyozaliwa, peleka ombi kwa uongozi sasa, kabla ya kuanza uchambuzi mwingine wowote.